Msafiri Atakula Wapi?

Katika njia ya Kasongo na Kabambare

«Mgeni njoo, mwenyeji apone.» Ndivyo walivyosema wazee wetu, na nyumba nyingi za Maniema zingali zikilishika neno hilo. Lakini siku hizi wasafiri ni wengi kuliko ndugu walionao njiani. Mwenye baiskeli iliyobeba magunia ya mchele, mwanafunzi arudiye shuleni, mama apelekaye mtoto hospitali, wote hao hawana shangazi katika kila mji. Jua likifika utosini, kila mmoja hujiuliza: leo nitakula wapi?

Twende pamoja, ndugu msomaji, tutazame jinsi swali hilo linavyojibiwa katika Maniema ya kusini.

Sokoni Kasongo

Msafiri asiye na fedha nyingi huanza sokoni, au mahali pikipiki zinapongojea abiria. Hapo akina mama hupika. Mmoja ana mafiga matatu, mwingine ana mbabula ya makaa; benchi moja la mbao, ndoo ya maji ya kunawa, turubai juu ya miti minne, basi, nyumba ya chakula imekamilika. Asubuhi utapata chai na maandazi. Adhuhuri utapata wali na maharage, au ugali wa muhogo na sombe iliyotiwa mawese, na ukiwa na fedha kidogo zaidi, kipande cha samaki au cha nyama ya mbuzi.

Tazama sahani hiyo vizuri kabla ya kuanza kula, maana karibu kila kilichomo kilikuja kama mgeni. Muhogo, karanga na pilipili vilitoka Amerika. Wareno waliuleta muhogo kutoka Brazil hata pwani ya Kongo baada ya mwaka 1500, nao ukatembea kijiji kwa kijiji mpaka kwetu. Mchele wetu asili yake ni Asia. Ulipanda kutoka pwani ya Bahari ya Hindi pamoja na misafara ya Waarabu na waungwana. Wenyeji ni samaki wa Lualaba na mawese, kwa kuwa mchikichi ni mti wa Afrika. Wageni na wenyeji wameingia chungu kimoja, wala hakuna awaulizaye walikotoka.

Ndivyo ilivyo hata kwa watu waliokaa benchini. Kasongo ni mji wenye Waislamu wengi tangu zamani. Mchinjaji Mwislamu akichinja mbuzi, Mkristo naye hula bila shaka moyoni. Tena mwezi wa Ramadhani ukifika, Mkristo mwenye adabu hajikalishi mbele ya jirani afungaye ili kujaza mdomo wake kwa majivuno. Hutafuta mahali pa faragha. Heshima hiyo haimpunguzii mtu imani yake.

Habari ya mchele

Mchele wa Kasongo una habari ndefu, wala si nzuri yote. Kasongo ya zamani, mahali paitwapo leo Tongoni, palikuwa makao ya Tippu Tip, ambaye jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Mwezi wa Aprili 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliuteka mji huo. Mganga wa jeshi, Mwingereza Sidney Hinde, aliandika kwamba siku moja alipita katikati ya shamba moja tu la mpunga kwa muda wa saa moja na nusu. Aliona pia michungwa, mipera, mikomamanga, mananasi na migomba tele.

Shamba lilikuwa zuri, lakini lililimwa na nani? Lililimwa na watumwa, watu walionyakuliwa vijijini mwao. Wabelgiji nao, tangu mwaka 1917, walikuwa na sheria ya kuwalazimisha watu kulima mazao kama pamba na mpunga. Kwa hiyo wali huu mweupe uligharimu jasho la watu wengi wasioulizwa kama wanataka. Leo mkulima akilima mpunga wake mwenyewe, akamwuzia mama mpishi kwa bei waliyopatana, na msafiri akalipa haki yake, hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana.

Kuku wa Nyangwe

Apendaye samaki wabichi na ateremke mtoni. Kwenye vivuko vya Lualaba wavuvi huleta kambale na samaki wengine, na wasiouzwa upesi hukaushwa kwa moshi ili wadumu safarini. Kuufuata mto kuelekea chini, ndiko Nyangwe, ambako soko lake lilijulikana mbali katika karne ya 19. Akina mama walikuja kutoka pande zote mbili za mto na samaki, mihogo, chumvi, vyungu na kuku.

Tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone alikuwapo sokoni humo. Aliwaona watu wa mfanyabiashara mmoja wameingia na bunduki. Mmoja wao alibishana juu ya bei ya kuku, akamshika kwa nguvu. Punde si punde bunduki zikalia. Watu walikimbilia mitumbwi, wengi wakazama majini. Waarabu wenyewe walikadiria kwanza kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400, na wengi wao walikuwa wanawake waliokuja kuuza chakula.

Twaieleza habari hiyo katika makala ya chakula kwa sababu yafaa ikumbukwe. Wale mama hawakuwa na vita na mtu. Walikuja kulisha watu na kulisha watoto wao.

Njia ya Kabambare

Kutoka Kasongo njia huelekea mashariki, ikipanda na kushuka vilima, mpaka Kabambare, kisha huendelea kuelekea Fizi na Ziwa Tanganyika. Livingstone huyo huyo alilala Kabambare kwa miezi mingi tangu Julai 1870, miguu yake ikiwa na vidonda, hawezi kwenda. Mtu wa namna hiyo huishi kwa chakula cha wenyeji, hana njia nyingine.

Katika njia hii miji ni midogo, na nyumba za chakula ni chache. Msafiri hula penye njia panda: mahindi ya kuchoma, ndizi, karanga, na ndagala waliokaushwa kutoka ziwani. Wakati wa mvua, gari likikwama matopeni, kijiji cha karibu ndicho hoteli.

Miaka hii ya karibu, sehemu za Kabambare, hasa upande wa Salamabila na mgodi wa dhahabu wa Namoya, zimepata taabu kwa ajili ya watu wenye silaha. Vita vikikaribia, kinachotoweka kwanza barabarani ni sufuria. Mama huzima moto, hukunja mkeka, huwabeba watoto wake. Msafiri akifika pale alipozoea kula, hukuta majivu. Na amani ikirudi, moshi wa mama huyo huonekana kabla ya matangazo ya wakubwa. Ukitaka kujua kama njia ni salama, uliza kama akina mama wanapika.

Mashauri machache

Tutoe sasa mashauri kwa yule atakayepita huko.

Kwanza, chagua chakula kilicho moto, kilichofunikwa, mahali penye maji safi ya kunawa. Maji ya kunywa yawe yamechemka, maana kipindupindu hakichagui tajiri wala maskini.

Pili, uliza bei kabla ya kuketi, tena uulize kwa upole. Kubishana kidogo ni desturi ya soko. Kudharau si desturi. Kumbuka kuku wa Nyangwe.

Tatu, lipa papo hapo. Mwenye sare au bunduki alaye bila kulipa amemnyang'anya mtoto wa mama huyo karo yake ya shule.

Nne, usimalizie fedha zako kwenye lotoko. Wengi wameondoka Kasongo na mapato ya magunia mawili, wakafika nyumbani na maelezo tu.

Tano, ukipokewa nyumbani mwa mtu bure, usijifanye mfalme. Wazee walisema: «Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.» Teka maji, pasua kuni, acha zawadi ndogo.

Basi, ndugu msomaji, ukikaa siku moja kwenye benchi la Kasongo au la Kabambare, mshukuru Mungu kwa chakula chako, kisha mgeukie mama aliyekipika, umwambie: «Asante, mama, umenilisha vizuri.» Huenda ameamka saa kumi ya usiku ili wewe upate chai. Neno hilo halina gharama, naye atalichukua nyumbani jioni pamoja na sufuria yake tupu.