Mikoko, Mchanga na Patasi

Kazi ya kuchonga milango niliipokea kwa ami yangu, fundi wa Lamu, ambaye kabla ya kunikabidhi patasi alinichukua kwa mashua hadi mikokoni wakati wa bamvua, bahari ilipokupwa mno hata mizizi ikabaki wazi juu ya tope, imepindana na kupishana kwa mpango ambao jicho geni huuona kuwa ni fujo. "Tazama, mwanangu," aliniambia, "hapana mzizi uliofanana na mwenziwe, wala hapana uliovunja safu."

Ami hakuchonga kiumbe chenye roho, nami nimeishika njia yake. Na wapo wadhanio kwamba katazo hili humnyima fundi maumbile. Naona kinyume chake, kwa kuwa aliyezuiliwa kunakili umbo hana budi kuitafuta kanuni iliyolizaa, na kanuni hiyo imeenea visiwani mwetu kote. Katika matuta ya Shela, ambayo chini yake hukaa maji matamu yanywewayo mjini, kusi hupiga mikunjo ya mchanga, kisha kaskazi ikaja kuigeuza, kila mkunjo ukiufuata mwingine pasi na kuuiga. Ukanda wa mawimbi niuchongao miimoni nimeutoa huko.

Marehemu Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa khati na mchonga milango katika mji huu huu. Nami nasadiki kwamba mkono mmoja usingaliziweza fani hizo zote lau si kwamba zote zategemea mizani, na mizani hiyo mtu wa Lamu huizoea tangu utotoni, kwa maji kujaa na kupwa.

Nigawapo mfaa hutumia bikari, kwani makosa ya vipimo hayafichiki. Lakini jani moja moja hulichonga pasi na kiolezo, nikiufuata mbambakofi, mti mgumu ambao nyuzi zake hugeuka ghafla na kumlazimisha fundi ageuke nazo. Jani lililozaliwa na mgeuko huo ndilo nilipendalo kuliko yote.

Siku hizi baadhi ya wateja huniletea picha, wakitaka kila ua lilingane na la pili yake pasi na tofauti ya unywele. Kazi ya namna hiyo, ijapokuwa ujira wake ni mwema, siipokei. Huwatoa kwanza hadi barazani kwa jirani, wautazame mlango wa zamani kwa utulivu, na wengi wao hurejea wakaniachia hiari ya mkono wangu.