Nchi ya Angani, Kando ya Lambo

Nilikuwa darasa la saba mwaka 1974, wilayani Handeni, nilipokisoma Kusadikika kwa mara ya kwanza. Kilikuwa kitabu cha shule, kimoja kwa wanafunzi wanne, jalada lake limeshonwa kwa uzi wa mkonge. Zamu yangu ya kukaa nacho ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ya kuteka maji. Basi nilikwenda nacho lamboni, nikawa nasoma huku nasogeza debe langu kwenye foleni.

Nilipenda jambo moja tu: nchi inayosimuliwa humo ilikuwa angani. Miaka mitano nyuma redio ilitangaza kwamba Wamarekani wametua mwezini, na wazee wa kwetu walikuwa bado wanabishana. Kumbe mwandishi wake, Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, mkoa wetu huuhuu, alikwisha kuwapandisha watu angani na kuwapa mfalme na mawaziri tangu 1951, kabla binadamu hajarusha hata satelaiti moja. Niliyatazama mawingu juu ya vilima, nikaamini kwamba watu wakaao huko hawapangi foleni ya maji. Hilo ndilo lililonikaa moyoni. Kesi ya Karama, mshtakiwa katika kitabu hicho, niliiruka kurasa kwa kurasa.

Mwaka huohuo tulihamishwa. Novemba 1973 ilikuwa imetangazwa kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Katika mkutano wa kwetu, mzee mmoja, jirani yetu, alisimama akauliza: huko tunakopelekwa, maji yako wapi? Akaambiwa akae. Akauliza tena. Akaandikwa jina. Haikupita wiki, tukapakiwa kwenye lori pamoja na vyungu, kuku na milango ya nyumba tuliyoing'oa. Yule mzee alikaa karibu na bodi ya nyuma, hakusema neno mpaka tulipofika. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na kitabu kile nilikuwa nimekirudisha shuleni siku chache tu zilizopita. Sikuona kwamba mzee huyu alikuwamo katika kurasa nilizoziruka.

Nimekisoma tena mwaka huu, nikiwa Korogwe kwa mwanangu. Nilikuwa nazitafuta zile mbingu zangu za lamboni, nikakuta si nyingi. Kitabu karibu chote ni mahakama. Karama anashtakiwa na Majivuno, waziri mwenye nguvu, kwa kosa la kufundisha sheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata juu mbinguni na chini ardhini. Kila mmoja alirudi na jambo la kuifaa nchi yake, na kila mmoja alitupwa gerezani. Nilipomaliza habari ya mjumbe wa pili nilikifunga kitabu. Nilimwona yule mzee, kofia mkononi, anauliza habari ya maji.

Ndipo nilipoelewa kwa nini nchi ile iliwekwa angani. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Hakuweza kuitaja Tanganyika, akaandika juu ya mabaraza yanayofunga watu wenye manufaa, kisha akaendelea kupokea mshahara. Alipoinyanyua nchi juu ya mawingu aliitoa mikononi mwa wakubwa wake. Miaka mingi baadaye Katama Mkangi wa Kenya, aliyetiwa kizuizini mwaka 1986, naye alimrusha mhusika wake hadi sayari nyingine katika Walenisi, kitabu cha 1995. Siwezi kuamini kwamba ni bahati tu. Waandishi wetu hawa walipokwenda angani walikuwa wanatafuta mahali pa kusemea.

Kusadikika kina kasoro zake, na sasa naziona. Majina yanamaliza habari mapema mno: ukisikia Majivuno, huna haja ya kungoja atende. Na katika wajumbe sita hakuna hata mwanamke mmoja. Mama yangu, aliyekuwa akitembea saa mbili kwenda lamboni na saa mbili kurudi, angekuwa mjumbe wa saba, na taarifa yake ingekuwa fupi na ya kweli.

Mwishoni Karama anashinda na wafungwa wanaachiwa. Nilipokuwa mtoto nilipita hapo mbio. Safari hii nilikaa na ukurasa ule muda mrefu, kwa sababu yule mzee wetu alifariki katika kijiji kipya bila mtu kurudi kumjibu swali lake.

Wewe uliyekisoma Kusadikika kwa ajili ya mtihani, kitafute tena. Safari hii usiiruke kesi.