Mlima Usiofikiwa na Reli

Atokaye Mombasa kwenda Kianjokoma hupanda treni mpaka Nairobi, na baada ya hapo reli haimfai tena. Njia ya zamani ya kaskazini hupitia Thika, Murang'a, Sagana na Karatina, ikaishia Nanyuki, ilikofika mwaka 1930. Embu iliachwa upande wa mashariki. Basi sisi tulishika barabara hadi mjini Embu, kisha matatu ikatupandisha baina ya mashamba ya chai hadi Kianjokoma, jirani na msitu wa Mlima Kenya, mahali ambapo asubuhi huwa na ukungu na kanzu ya pwani haimkingi mtu baridi.

Kianjokoma haijapata kuona taruma hata moja. Hata hivyo, katika nyumba iliyotukirimu tulimkuta kijana wa shule aliyeunda garimoshi kwa maboksi na vifuniko vya chupa. Michoro aliipata katika intaneti, ambako wapenzi wa reli wa Uingereza na kwingineko wamekusanya picha za kale, ramani, ratiba na vipimo vya treni zetu. Wapo wanaoziunda kwa shaba na plastiki, zikiwa zimepunguzwa mara 87. Kwa kipimo hicho reli yetu ya zamani, yenye upana wa mita 1, huwa na upana wa milimita 12 hivi.

Garimoshi la kijana lilikuwa namba 5901 la Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Vichwa vya aina hiyo vilikuwa 34, vilivyoundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock mwaka 1955 na 1956, na vilipewa majina ya milima ya nchi zetu. Namba 5901 iliitwa Mount Kenya. Boila lake lilikaa katikati, limebebwa na seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, ndipo likaweza kupinda konani pamoja na ukubwa wake. Kwa uzito wa tani 250 hivi, hapajapata kuwa na garimoshi la mvuke zito wala lenye nguvu zaidi juu ya reli ya mita 1. Yalivuta shehena kutoka Mombasa kupanda bara. Leo yamesalia mawili tu, Mount Gelai na Mount Shengena, nayo yamehifadhiwa Nairobi. Mount Kenya halipo tena.

Kijana akatuuliza, "Sheikh, madereva wake walikuwa kina nani? Kwenye simu nimeona kila boliti, lakini watu sikuwaona."

Swali hilo latuhusu sisi wa pwani kabla ya wengine. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao Waislamu wa Punjab, na karibu 2,500 walifariki. Pale Mackinnon Road, ubavuni mwa reli, upo msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, aliyekuwa miongoni mwa wajenzi hao, na wasafiri husimama kuswali. Huyo jina lake limebaki. Je, wapiga mataruma, wachochea boila, makarani na mastesheni masta waliofuata, ambao ni babu zetu?

Wageni wamehifadhi chuma, nasi twawashukuru. Watu ni amana yetu. Ndugu wasomaji, wiki hii fungueni masanduku ya wazee. Ikiwa mna picha, barua ya kazi au beji ya reli, andikeni nyuma yake kwa penseli jina, stesheni na mwaka. Mzee aliye hai aulizwe, na sauti yake irekodiwe. Kisha nakala zipelekwe katika makumbusho au maktaba, ili mtoto wa Kianjokoma atakapotafuta tena, akute na majina. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia.