Mwimbaji na Waitikiaji Wake: Remmy Ongala Safarini

Tukiandika juu ya desturi zetu, mara nyingi tunaandika juu ya vitu vinavyobaki nyumbani: mahari, matanga, jando, majina ya watoto. Safari hii tumeona vema tuseme juu ya mtu aliyezibeba desturi akaenda nazo mbali, mpaka kwa watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili. Ni Remmy Ongala. Alizaliwa hapa kwetu Kindu mwaka wa 1947, akafariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, na katikati ya tarehe hizo aliimba Uingereza na inchi zingine za Ulaya pamoja na orkestra yake, Super Matimila.

Kuko wale wanaosema: huyu si wetu tena, ni wa Watanzania. Mabishano hayo tumeyasikia mara nyingi, na hayaishi. Siku moja mzee mmoja aliyakata hivi: "Muti inaweza kuinamia ku parsele ya jirani, jirani akakula matunda. Sasa muulize mizizi iko wapi." Watu wakacheka, kisha wakaendelea kubishana. Sisi hatuandiki kusudi tumunyang'anye mtu. Watanzania walimpa jukwaa, walimpa masikio, na huko ndiko alikozikwa. Lakini kuna mambo juu yake ambayo mtu wa Maniema anayaona haraka kuliko mwingine.

La kwanza ni nywele. Jina lake lote ni Ramazani Mtoro Ongala. Mama yake alikuwa amekwisha kupoteza watoto kabla yake, na mganga ndiye aliyeshika shauri la mimba hii. Mtoto alizaliwa na meno, na amri ikatolewa kwamba nywele zake zisikatwe. Remmy mwenyewe alisimulia habari hiyo kila alipoulizwa. Kwa msomaji wa hapa hakuna ajabu. Mtoto anayekuja kisha wenzake kufa hapokelewi sawa wengine: anafungwa kamba, anapewa jina la kumudanganya kifo, nywele zinaachwa. Hata hilo neno Mtoro, ukilichukua kwa maana yake tu, ni mtu aliyekimbia. Na jina la "Dokta" alilobeba jukwaani halikutoka chuo kikuu chochote. Limetoka kwenye yale meno.

Sasa, Wazungu walimuona mtu mnene mwenye nywele ndefu zilizosokotana, ameshika gitari, wakasema: rasta, Jamaika. Hatuwalaumu, maana hata Dar es Salaam vijana walisema hivyo hivyo. Lakini angalia vile jambo linavyogeuka njiani. Alama ambayo mganga wa Maniema aliiweka juu ya kichwa cha mtoto ili asife, kule ilisomwa kama alama ya dini ya kisiwa kingine kabisa.

Baba yake alikuwa mtu wa ngoma na nyimbo za asili. Remmy alibaki yatima angali kijana, akajifunza gitari, akazunguka na orkestra za huku na za Uganda, mpaka mwaka wa 1978 mjomba wake Makassy akamwita Dar es Salaam ndani ya Orchestra Makassy. Hakuwa peke yake. Maquis du Zaïre walikuwa wamekwisha kutoka upande wa Katanga na kujenga jina pale. Wanamuziki wetu wengi walivuka ile miaka, wengine kwa sababu ya njaa, wengine kwa sababu Kinshasa ilikuwa mbali na ilikuwa na wenyewe.

Makassy alipohamia Nairobi, Remmy alibaki, akaingia Matimila. Hapo ndipo tunaona alipokuwa mtunzi kweli. Wacheza muziki wa Tanzania wanasikiliza maneno. Wewe unaweza kupiga sebene mpaka jasho likauke, lakini kama maneno hayana kitu, kesho yake hakuna anayekuzungumzia. Akaanza kuimba juu ya maskini, mjane, mtu asiyekuwa na haki mbele ya mwenye mali, na watu wakamwita Sauti ya Mnyonge. Alipoimba juu ya ukimwi na mpira, akiuita "soksi", redio ilikataa kuupiga wimbo. Watu wakautafuta kwenye kaseti.

Kaseti zilitufikia. Zilipita Kigoma, zikavuka ziwa Tanganyika mpaka Kalemie, zikapanda gari-moshi kwenda Kabalo na Kindu, siku gari-moshi lilipotaka kutembea. Ni upande ule ule ambao misafara ya karne ya 19 ilipitia kuja Nyangwe na Kasongo kutafuta pembe na watumwa, ikatuachia Kiswahili hiki. Lugha ilikuja na mnyororo. Nyimbo hizi zilikuja ndani ya mfuko wa mfanyabiashara, katikati ya sabuni na vitambaa, na mara nyingi zilikuwa zimekopiwa mara nyingi hata sauti ya besi imekufa.

Safari za Ulaya zilianza mwaka wa 1988. Kaseti yake ilikuwa imefika kwa watu wa WOMAD, ile tamasha ya Uingereza iliyoanza mwaka wa 1982, nao wakamwita. Mwaka huo wakatoa diski "Nalilia Mwana". Mwaka wa 1989 ikatoka "Songs for the Poor Man", na mwaka wa 1992 "Mambo", zote mbili kwa Real World, nyumba ya diski iliyoanzishwa na Peter Gabriel.

Tunapenda kukaa kidogo juu ya jambo moja la safari hizo: Remmy hakwenda peke yake. Watayarishaji wa kule mara nyingi wanaona ni rahisi kumchukua mwimbaji tu, tikiti moja, viza moja, na kumtafutia wapigaji Paris au London. Waimbaji wengi wa Kongo walikubali, na matokeo yake tunayasikia kwenye diski: muziki safi, umepigwa sawasawa, na mwimbaji yumo ndani yake kama mgeni aliyefikishwa hotelini. Remmy alifika na Super Matimila: magitari, besi, saksafoni, dramu, sauti za kuitikia, watu waliomjua toka kwenye kumbi za Dar es Salaam.

Kwa nini ni jambo kubwa? Uliza Wagenya wetu wa mto Lualaba. Mmoja anatoa wimbo, wapiga kasia wanaitika, na kasia inaingia majini pale pale jibu linapoanguka. Ukiwaondoa waitikiaji, huna wimbo. Una mtu anayepiga kelele ndani ya mtumbwi. Ndivyo ilivyo kwenye matanga, ndivyo ilivyo kwenye jando. Kwetu mwimbaji ni nusu ya kitu. Katika ukumbi wa Dar es Salaam nusu ya pili ilikuwa watu wenyewe: anawasema, wanacheka, anataja shida, mama mmoja anapiga ukelele. Kule Uingereza, kwenye uwanja wa majani, watu wengi, wema, wakiruka kwa furaha, hakuna aliyeweza kumjibu. Basi waliobaki kumuitikia ni wale wa orkestra. Watu wa kule waliandika kwamba ni kundi la kumsindikiza. Sisi tungesema kwamba alihama na kijiji.

Na hata hivyo kwenye ganda la diski jina la Remmy ndilo linaanza, Super Matimila inafuata, na mpigaji mmoja mmoja unamtafuta kwa herufi ndogo. Hiyo ni desturi ya biashara ya kule, na tumeiiga upesi sana.

Tusijifanye lakini. Wazee wetu walicheza diski za GV za Kuba tangu miaka ya 1930 bila kujua Kihispania hata kidogo, na kutoka mule ikazaliwa rumba ya Kongo. Mguu una haki yake. Kosa si la Wazungu kwamba walicheza. Ila mtunzi wa maneno, akiona maneno yake hayapokelewi, anaumia. Na tunafikiri Remmy aliumia, kwa sababu kwenye "Mambo" tunamkuta anaimba Kiingereza katika nyimbo kadhaa, kama "One World" na "No Money No Life". Alitaka wamsikie. Tunaheshimu nia hiyo, lakini tuseme ukweli: katika Kiingereza yule Dokta anakuwa mtu wa kawaida. Anasema dunia ni moja, pesa ni maisha, nani hajui? Kwa Kiswahili hasemi jambo mpaka alizungushe, akutanie, akutie aibu kidogo, halafu ndipo likuchome. Katika diski hiyo hiyo mtafute kwenye "Inchi Yetu", na uone jina lilivyoandikwa: inchi, kama tunavyosema sisi.

Kitu hicho tulikielewa vizuri usiku mmoja wa matanga, katika mtaa wetu, ile miaka ya vita njia zilipokuwa zimefungwa. Tulikuwa tumefiwa na fundi wa redio, mtu aliyetengeneza redio za mtaa mzima. Mukristo alikuwa amesali, Muislamu alikuwa amesoma, na usiku ulikuwa bado mrefu. Kijana wake akaleta redio ya marehemu, akakusanya mabetri huku na huku, mengine wameyaanika juani mchana, akaweka kaseti ya wimbo "Kifo". Humo Remmy anasema na kifo uso kwa uso, kama mtu anayemuuliza mdeni. Ni muziki wa kucheza, gitari haina huzuni hata moja. Mama mjane alikuwa amelala chini kwenye mkeka. Akainuka, akakaa. Kila Remmy alipouliza, akawa anajibu, si kwa nguvu, kama anavyojibu mtu aliyeitwa jina: "Ndiyo, baba. Ndiyo." Wanawake wengine wakaingia. Kisha wengine wakasimama wakacheza, pale pale kwenye kilio, na hakuna mzee aliyewakataza. Mabetri yakaanza kuchoka, sauti ikawa nzito na ya polepole, wao wakaendelea kuitika mpaka redio ikanyamaza, na wimbo ukabaki mikononi mwao.

Mwenzetu mmoja aliyesoma Ubelgiji ana diski hiyo hiyo, safi, kila gitari unaisikia peke yake. Ametusikilizisha. Ni nzuri sana. Tulikaa kwenye viti, tukasikiliza mpaka mwisho, tukamshukuru.

Miaka yake ya mwisho ugonjwa ulimweka Remmy kwenye kiti cha magurudumu. Aliokoka, akaacha muziki wa kumbi, akaimba nyimbo za dini. Pale Sinza, Dar es Salaam, kituo cha basi bado kinaitwa kwa Remmy. Na kisha kuokoka alinyoa zile nywele. Habari hiyo ilipofika hapa, vijana waliuliza kama ataimba tena nyimbo za zamani. Wamama wazee waliuliza lingine: ni nani aliyemunyoa, na nywele wamezitia wapi? Vijana wakatazamana, na mmoja akaenda kuongeza sauti ya redio.