Sauti Niliyoiita Vumbi



Mwenzangu wa chuoni, niliyekaa naye mkeka mmoja tukiwa vijana, alihamia Takaba, huko Mandera Magharibi, akasomesha watoto kwa zaidi ya miaka 20. Mwezi wa Shaabani akatangulia mbele ya haki. Niliona haifai kutoa taazia kwa simu pekee. Nikamchukua mwanangu mwenye umri wa miaka 17, nikatia mikeka na misahafu nyuma ya gari la Peugeot 504 aliloniachia marehemu baba yangu, tukashika njia ya Malindi, Garsen, Hola, Garissa, Modogashe na Wajir.

Wasomaji wa makamo wanaijua vyema Pijo. Ndiyo iliyokuwa ikichukua abiria wa masafa marefu katika nchi yetu, na mwaka 1975 Ove Andersson alishinda nayo mashindano ya Safari. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya baba, nilikuwa na kiburi nayo.

Tulipoiacha Modogashe, mwanangu akasema, "Baba, nasikia kitu kinagonga huko juu ya injini."

Nilisikiliza. Kweli palikuwa na mlio mwembamba, tik-tik-tik, mfano wa cherehani chumba cha pili. Nikamjibu, "Ni vumbi hilo. Gari hili nimeliendesha kabla hujazaliwa." Kisha nikafungulia kaswida, nikaongeza sauti. Mtoto akanyamaza kwa adabu.

Baada ya Wajir akarudia, "Baba, mlio unazidi tukiongeza mwendo." Nikasimamisha gari, nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikamwonyesha alama: imejaa. Nikamwonyesha na taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi: haiwaki. Nilizileta hoja zangu mbili kama anayefunga mlango wa mjadala. Tulifika Takaba alasiri, mlio ukiwa umegeuka kugonga kwa nyundo, na watu waliokaa kivulini wakageuka kututazama.

Asubuhi yake tulielekezwa kwa fundi mmoja kijana, Msomali, ambaye gereji yake ni kivuli cha mgunga. Alinisalimu, akaniita adeer, yaani ami, kama vijana wa huko wanavyowaita wakubwa wao. Hakugusa spana. Aliuliza kwanza, "Mlio huu ulianza wapi, na nani aliusikia?" Mwanangu aliinamisha uso, hakusema neno. Nikasema mimi, "Aliusikia huyu, Modogashe. Mimi nilimnyamazisha."

Fundi alimwita mtoto karibu, na tangu hapo akawa anamfundisha yeye, nami nikisikiliza kama mwanafunzi wa nyuma.

Alifungua swichi pasi na kuwasha injini. Taa ya oili yapasa iwake wakati huo, kisha izimike injini ikishika. Yetu haikuwaka. Akachomoa waya kwenye kihisio cha oili, akaugusisha na chuma cha injini. Taa bado ikawa kiza. Basi balbu ilikuwa imeungua, na Mungu ndiye ajuaye tangu lini. Hoja yangu ya kwanza ikaanguka: taa isiyowaka si ushahidi wa salama mpaka uione kwamba inaweza kuwaka.

Kisha akaondoa kihisio, akafunga geji yake mahali pake, akawasha. Mshale ulipanda kidogo, na alipokanyaga mafuta ukashuka badala ya kupanda. Akamweleza mtoto: injini ambayo beringi zake zimelika huonyesha udhaifu inapokuwa moto na kunguruma polepole, lakini mshale hupanda mwendo ukiongezwa. Ukishuka wakati wa kuongeza, yafaa ushuku kwamba pampu inavuta na haipati. Hapo hoja yangu ya pili nayo ikaanguka, kwa kuwa kijiti hupima oili iliyolala chini ya injini. Hakipimi ile inayofika juu.

Akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, akasikiliza chini, kisha juu. Mgongo wa beringi za chini ni mzito na huzidi injini ikibebeshwa kazi. Wa juu ni mwembamba na wa taratibu, kwa sababu kila vali hufunguka mara moja tu katika mizunguko miwili ya injini. Wetu ulikuwa wa juu. Alipofungua kifuniko cha vali na kuiwasha kwa muda mfupi, tuliona wenyewe: roka zikipanda na kushuka zikiwa kavu, bila hata tone, ilhali zilipaswa kuoga oili. Akazima upesi.

Nusu ya siku ilikwisha katika kulifungua bakuli la oili chini ya injini. Ndani yake kulikuwa na tope jeusi, na wavu wa kuvutia oili ulikuwa umezibwa na vipande laini vya gundi ya silikoni, vimejikunja kama funza.

Nilivitambua mara moja. Miezi michache nyuma gari lilikuwa likivuja na kuchafua uwanja wa madrasa. Fundi wa kwetu alipaka gundi kiasi, nami nikamshikilia aongeze, na aongeze tena. Gundi iliyozidi hubanwa pande mbili: ya nje tunaiona na kuifuta, ya ndani hukatika na kuelea. Tena kwa muda mrefu nilikuwa nikiongeza oili mpya juu ya nzee bila kuimwaga, nikidhani ninaweka akiba. Hakuna wa kulaumiwa ila mimi.

Wavu ulisafishwa kwa mafuta ya taa, njia za oili zikazibuliwa, filta na oili zikawa mpya, balbu pia. Kabla ya kuwasha, fundi alichomoa waya wa koili, akazungusha injini kwa stata mpaka taa ikazimika, ili oili itangulie kabla ya moto. Mwisho akarekebisha nafasi za vali. Mlio ulipungua, haukwisha. Mhimili wa roka ulikuwa umekwisha kukwaruzwa, na kilicholika hakirudishwi kwa oili mpya. "Ungezima Modogashe, adeer," alisema, "ungelipa gharama ya kusafisha tu."

Jioni nilikaa na mtoto mkubwa wa marehemu. Alinieleza kwamba baba yake alikohoa kwa miezi mingi, na kila aliyempigia simu na kumuuliza alimjibu kuwa ni vumbi la Takaba. Alipokubali kupimwa, mapafu yalikuwa yamekwisha kuharibika. Nilishindwa kumtazama. Mimi nami nilikuwa nikimpigia. Mwezi wa Rajabu niliisikia sauti yake imepungua, anameza maneno ya mwisho, akaniambia ni vumbi, nami nikacheka, nikamwambia ahamie pwani. Ajali imeandikwa na Mola, sina la kusema juu ya hilo. Lakini nasaha ilikuwa juu yangu, na sikuitoa. Nilimwambia kijana hayo kama yalivyo. Alinishika mkono, tukaomba dua pamoja.

Tulirudi polepole, mlio mwembamba ukitusindikiza. Kwa njia ndefu mwanangu hakutia neno, na nilijua ni mimi niliyemfunza ukimya ule. Tulipoikaribia Modogashe nikazima kaswida, nikateremsha kioo, nikamuuliza, "Mwanangu, unasikia nini?"

Alitega sikio kitambo. "Ni ule ule, Baba. Haujazidi."

"Ukizidi, niambie."

"Nitakwambia."

Wassalaam.