Maradhi ya Mbwa na Uhaba wa Majina

Asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii twaifundisha kila mwaka, lakini ni nadra kuipima kwa mambo ya nyumbani, mathalani afya ya mbwa alalaye mlangoni petu.

Kwa maradhi ya mnyama huyu Kiswahili kina jina moja mashuhuri: kichaa cha mbwa. Jina hilo limetufaa. Limewafunza watu kuhofu pastahilipo hofu, maana dalili za kichaa zikisha kumdhihirikia mtu, kupona ni muhali. Ndiyo sababu aliyeng'atwa huoshwa jeraha kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha hukimbizwa kuchanjwa.

Lakini jina lililo peke yake hubebeshwa mizigo isiyo yake. Mbwa akitetemeka na kutoka povu, twasema ana kichaa, na tahadhari hiyo ni ya haki. Hata hivyo yamkini ana distempa, iletwayo na virusi vilivyo jamaa ya virusi vya surua. Mwaka 1994 ugonjwa huo uliwaua simba wapatao 1000 wa Serengeti, yaani thuluthi ya simba wote wa huko, na wataalamu waliwashuku mbwa wa vijiji jirani kuwa ndio chimbuko lake. Mfalme wa hadithi zetu aliangushwa na maradhi ya mlinzi wa boma!

Ukaja pia ugonjwa mpya, parvo. Ulitambuliwa mwaka 1978, na kwa muda wa miaka miwili hivi ukawa umeenea duniani. Virusi vyake vinafanana sana na vile vya paka, na huweza kukaa udongoni kwa miezi mingi. Mtoto wa mbwa hutapika, huhara damu, na aghalabu hufa kwa siku chache. Mwenye mbwa asiyejua jina la maradhi haya ni rahisi kudhani kwamba jirani ametega sumu. Ujirani ukavunjika bure. Mwingine hutulia akijua mbwa wake amechanjwa kichaa, ilhali chanjo hiyo haizuii parvo wala distempa. Kila moja ina chanjo yake.

Ndugu walimu, tuyapokee majina haya kama tulivyolipokea jina la polio. Tuyatie katika insha na mazungumzo ya darasani, ili mwanafunzi arudipo nyumbani aweze kumwuliza baba yake: mbwa wetu amechanjwa maradhi gani?