Makopo Yetu na Herufi za Mavyaa



Jiko la mwambao lina maadui wawili, unyevu na sisimizi. Chumvi huloa ndani ya pakiti bila kuguswa na maji, bizari hushikana mabonge, na unga uliofungwa kwa mpira huingia fukusi upesi. Kwa hivyo chombo chenye kifuniko kinachokaza si pambo tu kwetu, ni haja. Wala si lazima kinunuliwe. Chupa ya asali au ya achari, na kopo la maziwa ya unga, vyote hufaa vikishaoshwa kwa maji ya moto na kukaushwa pasibaki hata tone. Karatasi ya kiwandani ikigoma kubanduka, iroweke usiku kucha, kisha gundi iliyosalia uisugue kwa mafuta kidogo ya kupikia. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, Agosti 2017, chombo kizuri nyumbani kwangu hakitupwi.

Katika kupanga, vizito hukaa chini, na viungo huwekwa mbali na meko, kwani joto na mvuke huua harufu yake. Unga mpya haumiminwi juu ya wa zamani. Na dawa ya kufulia isitiwe kamwe katika chupa iliyokuwa ya soda au sharubati, hata ukiiandika jina kwa herufi kubwa namna gani: mtoto wa miaka miwili hasomi.

Lakini lililonifanya nishike kalamu hasa ni hayo maandishi. Mavyaa wangu alihamia kwetu Mombasa kutoka Lamu baada ya kumaliza eda. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akiitwa kupika katika harusi za mtaa mzima, lakini jikoni kwetu alikaa kama mgeni. Sukari laini, chumvi, magadi na unga wa mchele, vyote vyeupe, havitambulikani kwa kutazama kiooni. Akawa hufungua kopo, akanusa, akalamba kidogo, akafunika. Au humwita mjukuu amwonyeshe. Siku zikapita, akaacha kuingia kabisa.

Lebo nzuri zinazouzwa madukani zimeandikwa Kiingereza. Mavyaa hakwenda skuli, lakini msiseme hajui kusoma! Alihitimu chuoni akiwa msichana, na barua zake zote za Kiswahili huziandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika mabibi zetu wengi. Basi nilikata vipande vya karatasi nyeupe, juu nikaandika kwa herufi tulizozoea sisi, chini nikaacha nafasi, nikampa kalamu. "Mama, nisaidie," nikamwambia. Aliandika tangu adhuhuri mpaka alasiri: iliki, mdalasini, karafuu, manjano, tambi, choroko. Alipofika kwenye pilipili manga, binti yangu alitaka kujua itakuwaje, ilhali Kiarabu hakina "p". Bibi yake akaandika "ba", akaitia nukta tatu chini badala ya moja, akaendelea na kazi yake.

Karatasi tulizifunika kwa selotepu ili mvuke usizibandue, tukazibandika ubavuni mwa chombo wala si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana vikioshwa. Nami nakiri kuwa rafu imependeza kuliko nilivyotarajia. Majumba ya kale ya Lamu yalikuwa na zidaka ukutani, zikapangwa vyombo vya kaure vya kutazamwa na wageni. Sidhani kopo la maziwa lililooshwa vizuri lina sababu ya kuona haya.

Mahamri ya Ijumaa sasa ni kazi ya Mavyaa, na si ruhusa mtu kumkalia karibu. Makopo huyahamisha apendavyo, nami huyakuta mengine kwenye rafu ambayo nisingeichagua, sisemi neno. Watoto wamejifunza kusoma mstari wa chini, ingawa mdogo bado huchanganya "choroko" na "chumvi", naye husahihishwa kwa sauti inayosikika mpaka kwa jirani.

Juma lililopita aliiomba tena kalamu ile. Alitaka kuandika juu ya pakiti za dawa zake za presha, ya asubuhi kwa wino mweusi, ya usiku kwa mwekundu.